Akifa kabla hajatubu? Wokovu, toba ya kila siku na utii

Mbweni_Kipaimara aliuliza:

Amani kwenu nyote. Nina vijana 11 wa darasa la kipaimara (wanaojiandaa kuimarishwa baada ya ubatizo) na tumekwama kwenye suala moja. Mmoja kauliza hivi: mtu ameamini, amebatizwa, anaishi vizuri. Siku moja anatenda dhambi kubwa, usiku huohuo anapanda boti kwenda Pemba, mkondo wa Nungwi unachafuka, boti inazama. Hajatubu. Kaokoka au kapotea? Mwengine akadakia: jawabu likiwa "kapotea", basi kumbe tunaokolewa kwa kuwahi kutubu, siyo kwa Kristo. Na likiwa "kaokoka tu", toba ni ya nini?

Wa tatu anasoma skuli ambayo wenzake karibu wote ni Waislamu. Huulizwa kila mara: "Nyinyi si Yesu keshawalipia, basi fanyeni mtakalo." Hana la kujibu.

Sitaki jawabu la kuwanyamazisha. Nataka kujua Maandiko yanasema nini, pamoja na aya zinazoonekana kugongana; makanisa yanatofautiana wapi khasa; na kijana aliyeanguka Jumatatu afanye nini Jumanne. Tafadhali msinirushie mstari mmoja mmoja bila maelezo.

---

Katekista_Wete alijibu:

Mwalimu wangu, nianze na boti, maana ndiyo inayowatia hofu vijana.

Mafundisho ya Kanisa Katoliki ni kwamba neema ya utakaso, yaani uhai wa Mungu ndani ya mtu, aliyoipata mtu kwenye ubatizo inaweza kupotea, na inapotezwa kwa dhambi ya mauti. Mtaguso wa Trento ulilitamka hilo mwaka 1547, katika kikao cha 6. Lakini si kila kosa ni dhambi ya mauti. Lazima mambo matatu yakutane: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kikamilifu kwamba ni zito, na akubali kwa hiari yake yote. Moja likikosekana, kosa lipo na linahitaji toba, lakini halimtoi mtu katika neema. Wafundishe vijana hayo matatu mpaka wayajue kwa moyo, kwa sababu kuna anayelala hana amani kwa hasira iliyompanda ghafla, na kuna anayelala fofofo wakati kadhulumu fedha za watu.

Tuseme sasa yote matatu yametimia na bahari imechafuka, padri hayupo. Kanisa linafundisha kwamba majuto kamili humrudishia mtu neema hapohapo, kabla hajafika kwenye kitubio (sakramenti ya kuungama kwa padri), mradi ana nia thabiti ya kwenda kuungama mara tu atakapoweza. Majuto kamili ni kujuta kwa sababu umemkosea Mungu unayempenda. Kujuta kwa kuogopa moto peke yake ni majuto yasiyo kamili. Nayo ni zawadi ya Mungu, yanatosha ukiwa mbele ya padri katika kitubio, lakini hayaondoi dhambi ya mauti yakiwa peke yake. Angalia ile sala ya kutubu tunayowafundisha watoto, "Mungu wangu, nimetubu sana". Sababu inayotajwa humo ni wema wa Mungu. Kwa hiyo mtoto anayeijua na kuimaanisha anayo njia hata katikati ya bahari. Na lililopita moyoni mwa mtu dakika ya mwisho sisi hatulijui. Hatuna ruhusa ya kulitolea hukumu.

Sasa Jumanne. Kwa Mkatoliki mambo ni haya: kutafiti dhamiri, kujuta, kuazimia kuacha, kuungama kwa padri, kisha kutimiza malipizi, yaani sala au tendo la toba alilopewa na padri. Dhambi za mauti huungamwa kwa aina na kwa idadi. "Nimeiba" haitoshi. "Nimeiba mara tatu, na ya tatu ni fedha za upatu nilizoshikishwa na watu" ndiyo maungamo, kwa sababu kumwibia mtu aliyekuamini kuna uzito mwengine. Hukumbuki idadi? Sema kwa kukadiria, usibuni. Ulichokisahau kwa kweli kimesamehewa pamoja na vingine. Ukikikumbuka baadaye, utakitaja safari ijayo. Ulichokificha makusudi ndicho kinachoharibu kitubio kizima. Sheria ya Kanisa inadai dhambi nzito ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, lakini hicho ni kiwango cha chini kabisa, na mtu aliyeanguka asikae miezi akisubiri Kwaresima.

---

Kiungani_Darasani alijibu:

Katekista kafungua vizuri. Mimi ni Mwanglikana. Nitaingilia kwa mlango wa lugha, maana Kiswahili chetu kinasaidia hapa kuliko lugha nyingi, na Biblia ya Union ya mwaka 1952 ilitafsiriwa kwa Kiswahili kilichojengwa juu ya Kiunguja.

Waandikie vijana ubaoni vitenzi vitatu vya Paulo. Waefeso 2:8, "mmeokolewa kwa neema". 1 Wakorintho 1:18, "sisi tunaookolewa". Warumi 5:9, tutaokolewa na ghadhabu. Yaani -me-, -na-, -ta-. Mtume yuleyule, wokovu uleule. Waulize: embe "limeiva" maana yake nini? Kwamba tendo limekwisha na hali yake ipo mpaka sasa. Embe lililoiva jana na leo limeoza hatusemi limeiva, tunasema liliiva. Kigiriki cha Waefeso 2:8 ni hivyohivyo: jambo lililokamilika ambalo matokeo yake yanaendelea. Kwa hiyo anayesema "niliokoka mwaka fulani" na hana zaidi ya huo mwaka, ametumia -li- mahali ambapo Mtume ametumia -me-.

Halafu usikatie Waefeso 2 kwenye aya ya 9. Aya ya 8 na ya 9 zinasema si kwa matendo, mtu asije akajisifu. Aya ya 10 inasema tuliumbwa katika Kristo Yesu "tutende matendo mema". Matendo hayamo kwenye mzizi, yamo kwenye tunda. Wafilipi 2:12–13 ni hivyohivyo: "utimizeni wokovu wenu wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka", na papo hapo, "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu". Ukisoma nusu ya kwanza tu utachoka. Ukisoma nusu ya pili tu utabweteka.

Kuhusu aya nzito. Waebrania 10:26, "kama tukifanya dhambi kusudi", imewatesa watu wengi. Kitenzi cha Kigiriki hapo ni cha tendo linaloendelea, ndiyo maana tafsiri ya Habari Njema ikasema "tukiendelea". Anazungumzwa mtu aliyeijua kweli akaipa mgongo akaenda zake, si yule aliyeanguka leo na kesho anatafuta pa kuungama. Kanisa la kwanza lilipambana na suala hili kwa vitendo. Baada ya mateso ya Kaisari Decius, mwaka 250, wapo Wakristo waliotoa sadaka kwa miungu ili wasiuawe, kisha wakaomba kurudi. Novatiani wa Roma alisema wasipokelewe tena kabisa. Kanisa lilimkatalia: wapokewe, lakini baada ya toba ya kweli na ya muda. Mtaguso wa Nikea mwaka 325, kanuni ya 8, ukawataka wafuasi wa Novatiani wanaorudi wakubali kushirikiana na hao walioanguka. Kwetu Waanglikana, Ibara ya 16 katika zile 39 za imani yetu inakwenda njia hiyohiyo: mtu aliyempokea Roho Mtakatifu anaweza kuiacha neema akaanguka, na kwa neema ya Mungu anaweza kuinuka tena. Inawalaumu pande zote mbili, wanaosema hawawezi kutenda dhambi tena na wanaowanyima msamaha waliotubu kweli.

Na boti. Huyo kijana wa pili kaona jambo la kweli: ikiwa wokovu ni kuwahi saa, basi hakuna atakayeokoka. Nani aliyewahi kutubu dhambi zake zote, moja moja? Zaburi 19:12 inauliza, "Ni nani awezaye kuyatambua makosa yake?" kisha inaomba, "Unitakase na mambo ya siri." Kila anayekufa anakufa na makosa ambayo hakuyataja. Suala la kumuuliza kijana ni: huyo mtu alikuwa anaelekea wapi? Mtoto aliyegombana na baba yake asubuhi akafa mchana kabla ya kuomba radhi hajafa akiwa si mtoto. Lakini aliyefunga virago, akabadilisha jina na kusema huyu si baba yangu, huyo ni habari nyengine.

---

Ndugu_Chukwani alijibu:

Nawaheshimu wote wawili, lakini upande wetu Wabaptisti wengi hatukubali kwamba aliyezaliwa mara ya pili anaweza kupotea. Mwalimu ameomba yote, basi na haya yawekwe mezani.

Yohana 10:28: "wala hawatapotea kamwe, wala hakuna mtu atakayewapokonya katika mkono wangu." Wafilipi 1:6, aliyeianza kazi njema ataimaliza. Na wanaoonekana kupotea tunawasoma kwa 1 Yohana 2:19: walitoka kwetu, lakini hawakuwa wa kwetu.

Watu hudhani fundisho hili linampa mtu leseni ya dhambi. Sivyo. Sinodi ya Dort, 1618 hadi 1619, ndiyo iliyoliweka wazi kwa upande wa Warefomati (makanisa yanayofuata mafundisho ya Calvin), nayo ilikiri kwamba watakatifu huanguka vibaya, ikamtaja Daudi na Petro. Ilichosema ni kwamba Mungu hamwachi wake alale hapo. Humrudisha kwa toba. Kwa hiyo toba ya kudumu kwetu ni alama ya mtu aliye wa Mungu. Asiyetubu kabisa, miaka nenda miaka rudi, hana haki ya kujiliwaza kwa Yohana 10, kwa sababu aya ya 27 inasema kondoo huisikia sauti ya mchungaji na kumfuata.

Kwa Zanzibar mfano upo karibu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na amri ya mwaka 1897 ikaondoa utumwa katika sheria: mtumwa aliweza kwenda mahakamani akapata uhuru wake, na mwenye mtumwa akilipwa fidia na serikali. Mtumwa mwenyewe hakulipa hata pesa moja. Sasa mwenye uhuru huo akirudi shambani kwa bwana wake wa zamani akapalilia, ni mtumwa? Si mtumwa. Anaishi vibaya, anaishi kinyume na alichopewa, lakini ni huru.

---

Kiungani_Darasani alijibu:

Ndugu yangu, huo mfano umenipeleka moja kwa moja kwenye Wagalatia 5:1, nami naomba Mwalimu aanzie hapo Jumamosi. Kiswahili cha Union kinasema "Kristo alituandika huru". Kuandika huru! Hayo si maneno ya kitabuni. Ndivyo watu wa visiwa hivi walivyosema mtumwa alipopewa uhuru kwa hati. Na aya inaendelea, "simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Kongwa ni ule mti wa panda uliofungwa shingoni. Wafasiri walichukua lugha ya soko la Mkunazini wakaitia kinywani mwa Paulo, na mtu anayesali katika kanisa lililojengwa juu ya soko hilo, jiwe lake la msingi likawekwa mwaka uleule wa 1873, haimfai asome aya hiyo haraka haraka.

Ila hapo ndipo mimi na wewe tunapoachana. Paulo asingesema "msinaswe tena" kama kunaswa haiwezekani. Na aya ya 4: "mmeanguka na kutoka katika hali ya neema." Angalia anaambiwa nani. Siyo mlevi wala mwizi. Ni watu wa dini, wenye bidii, wanaotaka "kuhesabiwa haki kwa sheria". Hili ndilo linalosahaulika kwenye mjadala huu wote. Mwenye kuhesabu toba zake kama risiti, anayedhani Mungu anamdai na yeye analipa kidogo kidogo, ndiye Mtume anayemwambia ameitoka neema. Kwa hiyo huyo kijana wako anayeogopa boti naye aangaliwe: akifundishwa utii kwa hofu ya hesabu peke yake, tunamvisha kongwa jipya.

---

Ndugu_Chukwani alijibu:

Kwa hilo la mwisho nakubaliana nawe kabisa. Kuhusu "msinaswe tena", sisi tunasema maonyo ni njia mojawapo ambayo Mungu hutumia kumlinda wake asianguke. Anayemwambia mwanawe "usiende pale pa kina kirefu" anamwambia ili asiende. Hatutamaliza leo.

---

Mbweni_Kipaimara alijibu:

Ahsanteni sana, nimeyanakili yote. Mambo matatu yamebaki. Kwanza, yule kijana wa skuli bado hana jawabu. Pili, nina binti ambaye kila mkutano wa injili ukifika anatoka mbele kuongozwa sala ya toba, na sasa anataka abatizwe upya. Tatu, Katekista umegusa wizi: kurudisha kunafanywaje? Vijana walidhani kuungama kunatosha.

---

Kiungani_Darasani alijibu:

La skuli. Mwambie hilo suala aliulizwa Paulo kabla yake. Warumi 6:1–2: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!" Ajibu kwa adabu, siyo kwa kushindana. Aanze na tunachokubaliana, maana neno lenyewe toba tunalitumia sote. Wenzake wamefundishwa kwamba toba ya kweli ina kuacha dhambi, kujuta, kuazimia kutorudia, na kama ni haki ya mtu, kumrudishia. Mkristo hakatai hata moja kati ya hayo. Yohana Mbatizaji alisema vivyo hivyo, "toeni matunda yapatanayo na toba", na katika Luka 3 akataja matunda yenyewe: mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, watoza ushuru wasitoze zaidi ya walichoamriwa, askari watosheke na mshahara wao. Tofauti iko kwenye kwa nini toba inapokewa. Sisi tunasema inapokewa kwa ajili ya msalaba. Juhudi yetu katika kutubu sicho kinachonunua msamaha. Aliyesamehewa deni kubwa akaenda kumkaba mwenzake kwa deni dogo, Yesu mwenyewe ameshasema yatakayompata, Mathayo 18. Hiyo ndiyo "fanyeni mtakalo" na jawabu lake.

La binti. Ubatizo haurudiwi, Kanisa Katoliki, sisi na Walutheri tuko pamoja hapo. Ana haja ya kujua aliyebatizwa ni nani, na kwamba toba ni kurudi kwenye ubatizo uleule. Luther katika hoja ya kwanza kati ya zile 95 za mwaka 1517 alisema maisha yote ya muumini yawe toba. Msimkemee kwa kutoka mbele. Mumuulize taratibu: kuna dhambi gani khasa unayoirudia? Mara nyingi anayetubu kwa ujumla kila mwezi kuna kimoja hajawahi kukitaja. 1 Yohana 1:9 inasema "tukiziungama dhambi zetu", zina majina. Akishakitaja mbele ya padri au mlezi mwanamke anayeaminika, kuna mlango wa kufunga: simu, rafiki, nyumba fulani, saa fulani ya usiku. Toba isiyofunga mlango itamrudisha mbele ya jukwaa mkutano ujao.

Na mwonyeshe Yuda na Petro sambamba. Mathayo 27:3–4, Yuda alijuta, akaungama, "Nalikosa", hata fedha akarudisha, vipande 30 vyote. Ukihesabu hatua, kazifanya karibu zote. Lakini alikwenda kwa makuhani waliomnunua, wakamwambia hayo ni yako. Kwa Bwana hakurudi. Petro, aliyemkana Bwana, hakurudisha kitu. Alilia. Ila Bwana alikuwa ameshamwambia katika Luka 22:32, "nimekuombea wewe ili imani yako isitindike". Binti yako ajue anaombewa kabla hajaanguka.

---

Katekista_Wete alijibu:

Nimalize la kurudisha, kwa sababu ndipo vijana wanapokwama na hata watu wazima.

Msamaha haufuti deni la mtu. Aliyeiba anawajibika kurudisha, na padri atamuuliza. Torati, Hesabu 5:7, ilidai mali yenyewe na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hiyo aliyepunja karafuu pishi 10 angelirudisha 12. Zakayo alikwenda mbele zaidi, mara nne, Luka 19:8. Mkristo hafungwi na hesabu hiyo ya tano, lakini ni kipimo kizuri cha kuonyesha umeona hasara uliyomtia mwenzio, maana aliyekosa karafuu zake msimu mzima kakosa na ada ya skuli ya watoto.

Sasa utaratibu. Kitu kikiwapo, kirudishwe chenyewe. Kikishaliwa au kuuzwa, thamani yake. Mwenyewe akishafariki, warithi wake, siyo kanisa. Sanduku la sadaka si mahali pa kulipia deni la jirani, na kosa hili ni la kawaida mno. Akiwa hajulikani kabisa au hapatikani baada ya kutafutwa kweli, basi maskini. Huna uwezo wa kulipa mara moja? Lipa kidogo kidogo, lakini anza, na kiasi kipangwe: elfu 5 kila wiki ni toba kuliko laki 2 za "nitakapopata". Kurudisha hakumlazimishi mtu ajitangaze. Padri aliyemsikia anaweza, mwenyewe akimwomba, kufikisha fedha bila kutaja jina, na siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote. Kwa fedha za upatu ni bora aende mwenyewe kwa kijumbe, anayekusanya fedha za upatu, na kumweleza, kwa kuwa huko kila mtu anajua zamu ya nani haikulipwa, na kukaa kimya kunamfanya mtu mwengine ashukiwe.

Kijana asiende usiku kutupa gunia barazani kwa mtu. Mwenye nyumba ataliona asubuhi, atadhani katiliwa mali ya wizi, na balaa litamwangukia asiyehusika. Aende mchana, na mtu mzima mmoja.

---

Mbweni_Kipaimara alijibu:

Jumamosi nitaanza na Wagalatia 5:1 ubaoni, kisha -me-, -na-, -ta-. Katekista, hilo la aina na idadi nitaomba padri wetu alieleze mwenyewe, kwetu ungamo la faragha lipo ila vijana wengi hawajawahi kulitumia. Boti nitaiacha mwisho, baada ya Petro.